Mama Mkunga na Zawadi Isiyoandikwa Daftarini



Historia ya miaka kumi ya kikundi hiki haiwezi kuandikwa kwa hisa na mikopo peke yake. Hesabu zipo katika kurasa nyingine, na mweka hazina amezipanga vizuri. Kurasa hizi tumeziweka kwa ajili ya mwenzetu mmoja, yule tuliyemwita Mama Mkunga. Alikuwa mwanachama mwanzilishi na mshika ufunguo wa pili wa sanduku letu. Mwaka 2019 alimpa mdogo wake wa kiume figo moja, na mwaka 2023 tulimzika.

Tunamwandika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni shukrani. Ya pili ni kwamba tangu tumzike, maneno mengi yamesemwa mtaani, eti figo ile ndiyo iliyomuua. Si kweli. Na maneno ya namna hiyo hayaishii barazani. Yanaingia ndani ya nyumba ambamo kuna mgonjwa anayesubiri ndugu yake aamue, na yanaweza kumkatisha tamaa aliyekuwa tayari kutoa.

TULIVYOANZA

Tulianza mwaka 2015 hapa Morogoro, wanawake thelathini, katika makundi ya watu watano watano wanaodhaminiana. Mtindo wenyewe hatukuubuni sisi. Mwaka 1991, huko Maradi katika nchi ya Niger, shirika la CARE lilianza kazi na wanawake wa vijijini ambao hakuna benki iliyowajali. Waliweka akiba wao kwa wao, wakakopeshana, mwisho wa mzunguko wakagawana. Utaratibu huo ukaenea Afrika, na hapa kwetu wengi waliujua kwa jina la VICOBA. Ilipotungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi kama chetu navyo vikatakiwa kusajiliwa.

Sanduku letu lilikuwa la chuma, lenye kufuli tatu. Funguo zilishikwa na watu watatu wasiokaa nyumba moja, ili mmoja asiweze kulifungua peke yake. Ufunguo wa pili tulimkabidhi Mama Mkunga tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyepinga. Nani angepinga? Alikuwa muuguzi mkunga katika kituo cha afya, na wengi wetu watoto wetu wamepitia mikononi mwake. Mtu aliyekuona siku ile unapiga kelele za uchungu, naye asitoe siri yako hata kwa mumeo, huyo ufunguo wa sanduku utamnyima kwa lipi?

Mara nyingi alikuja mkutanoni moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, sare bado mwilini, macho mekundu. Lakini kabla hajakaa alitoa mashine yake ya presha mkobani, akatupima mmoja mmoja wakati hisa zinahesabiwa. Wawili kati yetu waligundua pale pale kwamba wana presha, nao walikuwa hawajisikii kitu. Ndiyo maana alikuwa akitukumbusha kwamba presha haipigi hodi.

Yeye ndiye aliyetupeleka pia kuchangia damu. Alikuwa ameona kazini mzazi anavyotokwa na damu baada ya kujifungua, na akaona dakika zinavyokwisha wakati watu wanatafuta chupa moja. Alitufundisha kwamba mwanamume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya miezi minne. Wa kwanza kunyoosha mkono kwenye kiti alikuwa yeye mwenyewe. Kwa hiyo hata habari ya figo ilipokuja, kwake kutoa haikuwa jambo geni.

MDOGO WAKE ANAUGUA

Mdogo wake ni fundi seremala, wakati ule akifanya kazi Dar es Salaam. Mwaka 2018 alianza kuvimba miguu na uso, akawa anachoka kabla ya saa nne asubuhi. Alipopimwa, ikaonekana figo zote mbili zimeharibika. Chanzo kilikuwa presha ya miaka mingi ambayo hakuwahi kuipima. Presha na kisukari ndivyo visababishi vikubwa vya figo kufa, na vyote viwili hufanya kazi yao kimyakimya.

Akawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Wengi wetu tulikuwa hatujui maana yake, naye Mama Mkunga akatueleza kwa lugha ya jikoni. Figo ni chujio. Kila moja ina vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja, vinavyotoa uchafu katika damu na kuupeleka kwenye mkojo. Chujio likifa, uchafu unabaki mwilini. Mashine inafanya kazi ya chujio, lakini kwa zamu: kwa kawaida mara tatu kwa wiki, kama saa nne kila mara. Piga hesabu. Fundi anayepoteza siku tatu kwa wiki, na siku zilizobaki amechoka, atalisha watoto kwa lipi?

Njia nyingine ilikuwa kupandikizwa figo. Kwa miaka mingi Mtanzania aliyehitaji upandikizaji alipelekwa nje, hasa India. Mwezi wa Novemba 2017 figo ya kwanza ikapandikizwa hapa hapa nchini, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, madaktari wetu wakishirikiana na wenzao kutoka India. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, nayo ikafanya ya kwanza yake, ikisaidiwa na wataalamu kutoka Japani. Yaani mdogo wake aliugua wakati mlango umefunguka tayari. Kilichokosekana ni mtu wa kutoa.

WALIOTANGULIA

Tunapenda wasomaji wetu wajue kwamba aliyoyafanya mwenzetu yana historia ndefu, na ndani yake wamo ndugu wengi wa tumbo moja.

Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, Marekani, Ronald Herrick alimpa pacha wake Richard figo moja. Daktari Joseph Murray na wenzake ndio waliofanya kazi hiyo, na mwaka 1990 Murray akapewa Tuzo ya Nobel. Richard aliishi miaka mingine minane, akamwoa muuguzi aliyemhudumia hospitalini, wakapata watoto wawili. Na Ronald aliyetoa? Aliishi na figo moja miaka 56, akafariki mwaka 2010 akiwa na umri wa miaka 79.

Habari nyingine inatuhusu zaidi sisi wanawake. Mwaka 1956, huko huko Marekani, Edith Helm alipewa figo na pacha wake Wanda Foster. Mwaka 1958 Edith alijifungua mtoto, akawa mwanamke wa kwanza kuzaa akiwa na figo ya kupandikizwa. Alifariki mwaka 2011, yaani zaidi ya nusu karne baada ya zawadi ya dada yake.

Hapa Afrika, wengi wamesikia habari za moyo uliopandikizwa Cape Town tarehe 3 Desemba 1967 na Daktari Christiaan Barnard. Wachache wanakumbuka ulitoka kwa nani. Ulikuwa wa Denise Darvall, msichana wa miaka 25 aliyegongwa na gari pamoja na mama yake. Baba yake, katika msiba wa watu wawili kwa mpigo, aliombwa akakubali. Moyo ulikwenda kwa Louis Washkansky, aliyeishi siku 18. Figo yake moja alipewa Jonathan van Wyk, mtoto wa miaka kumi ambaye hakuwa mzungu, katika nchi ambayo sheria zake wakati ule zilitenga watu kwa rangi mpaka wodini.

MKUTANO WA 2019

Mama Mkunga alijitolea kupimwa. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi moja katika nne ya kulingana kabisa kwa chembe za mwili, na wengi hupandikizwa hata bila kulingana kabisa. Yeye damu yake ilikuwa kundi O, linaloweza kutoa kwa makundi yote. Alipimwa sukari, presha, mkojo, moyo, akapigwa picha za figo. Akahojiwa pia peke yake, bila ndugu yeyote kuwapo, ili ijulikane kama anatoa kwa hiari au ameshurutishwa. Alitusimulia kwamba sehemu hiyo aliipenda kuliko zote, kwa kuwa alipewa nafasi ya kukataa bila mtu kujua.

Kisha akaleta habari mkutanoni. Hakuomba fedha. Aliomba ruhusa ya kutohudhuria mikutano kadhaa bila kutozwa faini, na mtu wa kumshikia ufunguo.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Katiba yetu ilisema Mfuko wa Jamii utatoka kwa mwanachama mgonjwa, aliyefiwa, au aliyejifungua. Mama Mkunga hakuwa mgonjwa. Tena vipimo vilionyesha kwamba ni mzima kuliko wengi wetu. Hajafiwa. Hajajifungua. Baadhi ya wanachama walisema wazi kwamba mfuko ukitoka kwa mtu anayekwenda mwenyewe kupasuliwa akiwa mzima, kesho kila mmoja atakuja na lake. Hoja hiyo haikuwa ya chuki. Fedha za mfuko ni jasho la watu, na katiba ikivunjwa mara moja imekwisha.

Bibi mmoja kati yetu, mkubwa kwa umri, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: mtu anapoingia hospitali akiwa mzima, akatoka ameacha sehemu ya mwili wake ambayo sasa inaishi ndani ya mtu mwingine, sisi wanawake tunamwita nani? Ukumbi ukanyamaza. Halafu watu wakacheka, maana jibu lilikuwa midomoni mwa wote. Tunamwita mzazi.

Basi ikaandikwa hivyo. Katika daftari la mfuko, tarehe ile, jina la Mama Mkunga limeandikwa chini ya kifungu cha waliojifungua. Mwenye shaka na aje alitazame.

AROBAINI

Alisafiri kwa basi kutoka Msamvu hadi Ubungo, akisindikizwa na wawili wetu. Treni ya umeme ya Dar es Salaam na Morogoro ilikuwa bado. Hiyo ilianza safari Juni 2024. Wale wawili walikaa naye mpaka aliporuhusiwa, kwa zamu kama walinzi.

Jambo moja liliwashangaza wengi, nasi tunalieleza hapa. Figo inayopandikizwa haiwekwi mahali pa zile za zamani. Huwekwa chini zaidi, tumboni karibu na nyonga, na zile zilizokufa kwa kawaida huachwa mahali pake. Kwa hiyo mdogo wake sasa ana figo tatu, na inayofanya kazi ni moja: ya dada yake.

Aliporudi nyumbani, daktari alikuwa amemkataza kuinua vitu vizito kwa muda wa wiki nne hadi sita. Sisi tulicheka tena, maana wiki sita ni kama arobaini ya mzazi, na arobaini tunaijua. Tukapanga zamu. Kundi moja maji na kufua, kundi jingine chakula, jingine sokoni, jingine watoto. Alipikiwa uji kama mzazi. Alikemewa kama mzazi alipoonekana ameshika ndoo. Yeye aliyetuhudumia miaka yote alihudumiwa kwa mara ya kwanza, na hakuwa mgonjwa mtiifu hata kidogo.

HABARI YA DENI

Mdogo wake alipopata nguvu, alikuja Morogoro na mbuzi wawili na kitanda alichokichonga kwa mkono wake. Alisema anataka kuanza kulipa. Dada yake alipokea kitanda, kwa kuwa kitanda ni kazi ya mtu na kukikataa ni kumvunja moyo. Mbuzi aliwarudisha. Alimweleza mbele yetu kwamba yeye ni mwanakikundi na anajua mkopo ni nini: mkopo una daftari, una tarehe, una riba. Alichotoa hakikuandikwa popote, basi hakina pa kufutwa. Kama anataka kumfurahisha, ameze dawa zake kila siku kwa saa zilezile, kwa kuwa mwili hauachi kuiona figo ngeni kama mgeni, na dawa za kuuzuia usiifukuze hazina likizo.

Jambo hili tunalisisitiza. Sisi ni watu wa mikopo, na tunajua deni linavyoweza kumfikisha mtu pabaya. Yapo maneno yanayopita kwamba figo inaweza kuuzwa ikamaliza shida. Shirika la Afya Duniani linapinga biashara ya viungo vya binadamu. India, ambako wagonjwa wetu wengi walikwenda, ilipiga marufuku biashara hiyo kwa sheria ya mwaka 1994. Anayeuza figo kwa shida hubaki na kovu, hana wa kumfuatilia afya yake, na shida mara nyingi humrudia. Mwanachama mwenye deni aje mkutanoni aseme. Deni linapangwa upya. Figo hairudi.

KIFO CHAKE NA MANENO YA MTAANI

Mama Mkunga alirudi kazini, akarudi na mashine yake ya presha, akarudishiwa ufunguo wake. Aliendelea hivyo miaka minne. Mwaka 2023, asubuhi, akitoka zamu ya usiku, alipata ajali ya pikipiki barabarani akafariki. Tulimzika sote, wengine kwa dua na wengine kwa sala.

Haukupita mwezi tukaanza kusikia: angekuwa na figo mbili angepona, aliuza afya yake, wanawake msikubali. Tuliokuwapo tunajua alikufa kwa majeraha ya kichwa. Figo yake iliyobaki ilikuwa ikipimwa kila mwaka na haikuwa na tatizo.

Hatusemi kwamba kutoa figo ni mchezo. Mwenyewe asingependa tuseme hivyo, kwa kuwa alizitaja hatari zote kabla ya kukubali. Tuzitaje nasi. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2010, uliofuatilia watoaji zaidi ya 80,000, ulikuta waliofariki ndani ya siku 90 baada ya upasuaji ni kama 3 katika kila 10,000, na kwa miaka iliyofuata watoaji hawakufa zaidi ya watu wengine wenye afya kama yao. Mwaka 2014 utafiti mwingine wa Marekani ulikadiria kwamba katika maisha yote, watoaji kama 90 katika 10,000 wangeweza kufikia kufa kwa figo, wakati kwa watu wenye afya ileile wasiotoa ni 14. Ni hatari ndogo, lakini ipo. Na kwa wanawake, utafiti wa Ontario, Kanada, ulionyesha kwamba aliyetoa figo kisha akapata mimba hupatwa na presha ya mimba au dalili za kifafa cha mimba zaidi: 11 katika kila 100, badala ya 5. Mama Mkunga alilijua hili kwa kazi yake. Yeye alikuwa na watoto watatu, na uzazi alikuwa amekwisha kuufunga.

Huyo ndiye mtu aliyetoa. Alikuwa amepimwa, ameelezwa, amepewa nafasi ya kukataa, na amekubali. Kumwita mjinga aliyedanganywa ni kumzika mara ya pili.

TULIYOBAKI NAYO

Mdogo wake yu hai. Amerudi kwenye useremala, na hata meza ya mweka hazina tunayoitumia sasa aliichonga yeye, tukamlipa bei ya kawaida. Huja kila mwaka kwenye mkutano wa kugawana, hukaa nyuma, hunywa chai, hurudi Dar es Salaam na dawa zake mfukoni.

Katiba yetu tuliirekebisha. Kifungu cha Mfuko wa Jamii sasa kinamtaja mwanachama anayetoa kiungo kwa ndugu yake bila malipo, na kinampa haki zote za mwanachama aliyejifungua: posho, msamaha wa faini, na zamu za arobaini. Mashine ya presha ya marehemu, watoto wake waliikabidhi kwa kikundi. Inapita mkono kwa mkono kila mkutano kabla sanduku halijafunguliwa, na asiyepimwa hasaini hisa. Uchangiaji wa damu unaendelea.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mwenzetu hakuwa tajiri. Hisa zake hazikuwahi kuwa nyingi, na siku ya kugawana fungu lake lilikuwa la katikati. Mkiulizwa na watu kilichomuua, jibuni: ajali. Na mkiulizwa figo yake iko wapi, jibuni kwamba moja tulizika naye, na nyingine iko kazini.

Mungu amrehemu na ailaze roho yake mahali pema peponi. Amina.